Jambo Yenu, Ingé

Kabla ya yote, jambo yenu: wakubwa, wadogo, na promo yangu. Nasalimia mapema ju mu mkutano wetu wa mwisho niliona kile kinachompata mtu akisahau. Mwenzetu mmoja alisimama kutueleza juu ya bei ya mbolea kwa msimu unaokuja, kitu kinachotuhusu sisi wote tunaoishi karibu na jembe. Hakufika sentensi ya tatu. Mkubwa mmoja wa kiti cha mbele akamkata: «Hata salamu hakuna? Mulisoma nini kule?» Yule mwenzetu akaomba pardon, akaanza tena. Mes respects kwa kamati, mes respects kwa wakubwa wote, mes respects kwa kila mmoja mu cheo chake na mu sifa yake. Alipomaliza kutaja vyeo, dakika zake zilikuwa zimeisha. Bei ya mbolea hatukuisikia. Na mimi njo nilikuwa ninaihitaji.

Tangu siku ile najiuliza ile salamu ilikuwa ya kufanya nini. Haikuwa ya kutusalimia, hilo ninaweza kuapa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule kijana kama aliamuka muzuri.

Musinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kusema salamu ni mambo ya zamani. Nilikomalia Bukavu, mu avenue ambamo mtoto akipita mbele ya mtu mzima bila kusalimia, habari inafika kwa mama yake mbele ya yeye mwenyewe kufika. Mama alitufundisha kwa vitendo: unasimama, unatoa mkono wa kuume, wa kushoto unashika kiwiko cha ule wa kuume, kichwa kinainama kidogo. «Usipite mbele ya mutu kama mbuzi,» alisema. Kwa yeye, mtu asiyesalimia hakuwa hata mtu mubaya, alikuwa tu bado hajatoka mu zizi. Lakini naomba mukumbuke kitu kimoja ambacho sisi wenye diploma tunapenda kukisahau: katika ile avenue, mtu mzima naye alijibu kwa kusimama. Papa jirani aliyekuwa fundi wa viatu aliweka nyundo chini. Aliuliza habari ya masomo, habari ya mguu wangu niliouvunja ku mpira. Nilikuwa na miaka tisa, na alikuwa ananipa wakati wake wa kazi.

Lugha yetu yenyewe inasema hivyo, hata kama wengine wanaicheka. Tukienda Kigoma au Dar es Salaam wanatuambia hatujui ngeli, na ni kweli, ngeli zinatupiga. Lakini sikilizeni tunavyomsalimia mzee. Ni mtu mmoja, amekaa peke yake ku mlango, na tunamuambia: «Jambo yenu papa, muko muzima? Muliamuka muzuri?» Mtanzania atageuka kutafuta hao wengine wako wapi. Hakuna wengine. Tumemuongeza tu, tumemfanya awe wengi. Heshima tumeiweka ndani ya kitenzi, si mu cheo, kwa hiyo hata asiye na cheo chochote anaipata. Mama mwenye kuuza sombe anaitwa «mu» sawasawa na profesa.

Kuna wenzetu, zaidi wale ambao familia zao zilipitia Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka upande wetu, ambao wanasema tungechukua «shikamoo» na «marahaba» kwa sababu njo Kiswahili safi. Naheshimu. Ni salamu nzuri, na wenyewe wanaielezea kuwa inatoka ku kusema nashika miguu yako. Lakini angalia jinsi inavyotembea: inapanda tu. Mdogo anaituma juu, mkubwa anasema marahaba, basi. Mkubwa hawezi kumuambia mdogo shikamoo hata kama anampenda namna gani. «Jambo» yetu inatembea pande zote. Mzee anaweza kuianza, mtoto anaweza kuianza, anayefika njo anaianza mara nyingi. Na jibu lake, «jambo sana», linarudisha zaidi ya lililopokea.

(Kwa kicheko tu: agronomu mmoja kutoka Tanzania alikuja kututembelea ku shamba la mafunzo, akamuinamia koko mmoja kwa heshima yote, «Shikamoo bibi!» Kwetu, munajua, bibi ni mke. Koko akashika mdomo. Mume wake, aliyekuwa nyuma na fimbo, akauliza: «Tangu lini?»)

Na hili neno jambo, wanaojua sarufi wanasema lile «hujambo» ni huna jambo, yaani hakuna tatizo lililokukamata. Ni swali. Ukiuliza swali unapaswa kungoja jibu. Hapo njo ninataka kufika, na itabidi nieleze kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa ku staji, mwaka wa mwisho wa lisansi. Mradi mmoja ulitutuma kutafuta shamba la kuzalisha mbegu ya mihogo, ile isiyoshikwa na mozaiki, ili baadaye tugawe miti kwa familia za kile kijiji. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mahali. Nilikuwa na bottes mpya, GPS, na kofia yenye jina la mradi. Mwisho wa mwezi wa nane, mvua inakaribia, shefu wa staji ananipigia simu kila siku. Nikafika kwa moto juu ya kilima, nikaona chini karibu na bonde udongo mweusi, tambarare, laini. Nikajisema: ni hapa. Mzee aliyekuwa na shamba la pembeni alikuwa amekaa chini ya mgomba. Nikamsalimia. Hilo sitalikana, nilimsalimia: «Jambo papa, tuko na haraka kidogo, tutarudi.» Akajibu: «Jambo sana, mutoto yangu. Karibu, ikala.» Moto ilikuwa bado inanguruma. Sikukaa. Tukapima, tukaondoka.

Tulipanda mwezi wa tisa. Miti ilishika vizuri, nikapiga picha, nikazituma. Mwezi wa kumi na moja maji yakatoka chini. Sisemi mafuriko yaliyoteremka kutoka juu, hapana, maji yalipanda polepole kutoka ndani ya udongo wenyewe, na muhogo, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, haupendi kusimama mu maji. Mizizi ilioza. Robo ya shamba tu njo ilibaki, ile ya upande wa kilima. Familia zilizokuwa zimeandikwa ku liste zilingoja miti ambayo haikufika. Kati yao kulikuwa na mama mjane mwenye watoto wanne aliyekuwa amekwisha kulima na kuacha kipande chake wazi, ju mimi nilimuambia mbegu inakuja. Kile kipande kilikaa bure msimu mzima.

Nilirudi kwa yule mzee. Safari hii nilizima moto. Nikauliza kama alijua.

«Pale, mwezi wa kumi na moja, maji inatokaga ku chini. Kila mwaka.»

«Sasa papa, juu ya nini hamukuniambia?»

Akanitazama bila hasira. «Ulinisalimia ukiwa ku moto.»

Miaka yote hii nimeieleza hii hadithi kama hadithi ya kiburi changu. Niliieleza ku defense ya mémoire, maprofesa wakatikisa kichwa, mmoja akasema hii njo «participation ya wakulima». Niliieleza kwa wadogo wanaoenda ku staji. Na ni kweli: nilikuwa nimeuliza habari bila kungoja habari. Kama ningekaa dakika kumi, tungeanza na habari za nyumba, zikaja za watoto, zikaja za mvua, na za mvua zingefika mu lile bonde. Salamu za kijijini zinafanya kazi ambayo fomu zetu za uchunguzi hazifanyi. Hazina swali linalosema «Je, maji yanatoka chini mwezi wa kumi na moja?» kwa sababu anayeandika fomu hajui kuwa kitu kama hicho kipo. Salamu ndefu inamuachia mwenyeji nafasi ya kuchagua kile cha kukuambia.

Lakini siku hizi nusu ya pili ya ile hadithi inanisumbua. Yule mzee alijua. Alijua na akanyamaza. Mjane yule alikuwa jirani yake, sio wangu. Alituona tukipanda, alipita pale kila asubuhi na jembe lake, wiki tisa, na hakufungua mdomo kwa sababu mtoto wa miaka ishirini na tatu hakuzima moto. Heshima yake ilikuwa ya maana kuliko msimu wa mjane? Niliwahi kumuuliza mama yangu hilo swali. Hakufurahi. Alisema: «Mutu hawezi kumwanga maji mu kikombe iliyofungwa.» Nimelifikiria sana hilo jibu na bado silikubali lote. Nilikuwa nimefungwa, ndiyo. Lakini walioona njaa si mimi.

Kwa hiyo kuna mabaya mawili, na sisi tunapenda kukemea moja tu. Tunakemea kijana asiyesalimia. Anayengoja kusalimiwa, anayekaa juu ya kile anachokijua kama kuku juu ya mayai mpaka aletewe heshima yake, huyo tunamuita mtu wa busara. Na unyenyekevu tunaomuomba kijana kila siku, yeye hatumuombi.

Hapa kwetu wasomi hii ngonjwa imevaa suti. Wakati wetu ilikuwa miaka mitatu ya graduat, miwili ya lisansi, ukiongeza na ule tulioupoteza ju ya mgomo wa maprofesa, na siku ya collation mtu anatoka na jina jipya. Ingé. Ukimuita jina ambalo baba yake alimpa, hasikii. Nina rafiki, tulilala mu chumba kimoja, tulikula bugali ya sahani moja, leo nikimpigia simu na kusema «aye, kijana», ananijibu kwa sauti ya bureau. Nimejaribu «Jambo Ingé». Sauti inafunguka mara moja.

Mu nchi yetu hii si jambo jipya. Wazazi wetu wanatueleza jinsi Mobutu, mu ile politiki ya authenticité ya mwanzo wa miaka ya 1970, alivyofuta «monsieur» na «madame» na kuweka «citoyen» na «citoyenne» kwa wote. Ku karatasi ilikuwa usawa kabisa: mwenye kiwanda na mwenye kufagia, citoyen na citoyen. Lakini haikukawia watu wakapata mlango wa nyuma. Ikawa Citoyen Commissaire d'État, Citoyen Directeur, na juu kabisa Citoyen Président-Fondateur. Neno la kusawazisha likageuka kuwa ngazi ya kwanza ya ngazi. Tangu tangazo la tarehe 24 Aprili 1990, «monsieur» na kravati vikarudi, lakini ile njaa ya kutajwa haikuwa imeenda popote.

Nilifikiri magonjwa yangetufundisha. Mwaka 2019, Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, mwezi wa nane ikafika mpaka Mwenga, na huku Bukavu kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye chlore. Mwaka uliofuata ikaja Covid. Hakuna mkono, hakuna kugusana vipaji vya uso mara tatu kama tunavyofanya. Nikatazama nani anateseka. Wamama wa sokoni waliteseka kweli, wakabuni viwiko, miguu, vicheko, na maneno yao yakawa marefu zaidi kufidia mkono. Wakubwa fulani hawakuteseka hata kidogo. Wale waliokuwa wakikupa ncha tatu za vidole bila kuinuka ku kiti, macho ku simu, walipata tu ruhusa ya daktari.

Na wadada munajua haya kuliko mimi. Mwaka jana nilitumwa ku terrain na dada mmoja ambaye njo alikuwa kiongozi wa timu, lisansi kama yangu, na miaka minne ya kazi zaidi yangu. Kila kijiji tulichofika: «Jambo yenu Ingé!» kwangu, na kwake, «Jambo mama, mumemusindikiza?» Ku mkutano na wakuu wa pale alitarajiwa ainame zaidi yangu, aongee baada yangu, na akisalimia kwa sauti ya kawaida walisema ana kichwa kigumu. Nilimrekebishia mara moja tu, siku ya kwanza. Siku zilizofuata niliacha, ju ilikuwa tamu. Haya, nimelisema.

Sasa nifike ku ile salamu ambayo sisi vijana tunaijua kuliko zote, ile yenye mfuko nyuma. Nilipomaliza masomo nilikuwa na namba ya mkubwa mmoja mwenye nafasi mu shirika. Miezi saba, kila Jumatatu asubuhi, nilimwandikia: «Bonjour papa, mes respects. Natumaini muliamuka muzuri pamoja na familia.» Sikutaja kazi hata mara moja, ju tuliambiwa mtu mwenye adabu haombi, anasalimia tu mpaka aonekane. Alinijibu mara mbili, mara zote kidole gumba. Nilijua majina ya watoto wake, nilikuwa ninauliza kuhusu mitihani yao. Je, huo ulikuwa unyenyekevu? Nilikuwa ninatega ndege. Yeye alikuwa anajua kuwa ni mtego, mimi nilijua kuwa anajua, na Jumatatu inayofuata tunaanza tena. Tumeyafanya maneno ya mama zetu kuwa nakala za barua ya kuomba kazi, halafu tunashangaa mkubwa akiona «muliamuka muzuri?» anashika mfuko wake.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuja kuwa huyo mkubwa. Sio mkubwa sana, kontra ya mwaka mmoja, lakini kwa wadogo wa fakulté ilitosha. Zikaanza kuingia: «Mes respects grand.» «Jambo yenu grand, muko muzima?» Mmoja alinisalimia mara tatu mu wiki mbili. Sikujibu. Nilijua sentensi ya pili itakuwa nini, na nilikuwa nimechoka kuisoma hata kabla haijaandikwa. Baada ya mwezi tukakutana Nyawera, mvua ya asubuhi, wote tumejificha chini ya bati moja. Akanisalimia kwa mikono miwili kama mama yangu alivyonifundisha mimi. Nikaanza kutafuta maneno ya kumuambia siku hizi ni ngumu. Akatoa noti ya dola kumi iliyokunjwa. Nilikuwa nimemkopesha pesa ya kuchapisha mémoire na nilikuwa nimesahau kabisa. «Nilikuwa nakutafuta nikurudishie, grand. Nikasema labda munakasirika.»

Sikujua nijibu nini. Nikamuuliza habari ya mémoire. Akasema ni juu ya maharagi ya kupanda, alipata distinction, baba yake hakuifikia ile siku. Alikuwa amezikwa wiki ya salamu ya pili.

Mara tatu kijana alinambia «muko muzima?» na hakuna hata mara moja nilimrudishia «na wewe?».

Kwa hiyo mu mkutano wa Jumamosi nitaomba kitu kidogo, na nakiandika hapa ili musiseme niliwashitukiza. Anayetaka kuongea aseme jambo kwa wote, mara moja, halafu aingie mu kile alichokuja kusema. Tukimaliza, wakubwa wabaki nusu saa, wasimame, wao njo wawaendee wadogo wawaulize wameamukaje, wana nini, walipanda nini. Na ku liste ya kuhudhuria tuondoe vyeo vyote, tubakize majina. Hili la mwisho kamati ilikubali kulijaribu. Jana nilipita ku secrétariat nikaona liste: majina matupu, mistari imenyooka, inapendeza. Ila mbele ya jina langu kuna mtu ameandika kwa bic, herufi ndogo: Ingé.

Bic ilikuwa pale juu ya meza. Sikuifuta.